Kikombe cha Ishirini na Nne

Misumari ya vikombe ilikuwa ishirini na mitatu, lakini asubuhi ile Theresia aligongelea wa ishirini na nne, akatundika kikombe chekundu. Kisha akafunga mlango wa kituo kwa komeo na kushusha pazia la dirisha linalotazama barabara kuu ya Ihanja.

Ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu kituo cha watoto kifungwe. Kipindupindu kilipoingia kijijini uliitwa mkutano, na Theresia mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. "Watoto wangu wanakunywa maji ya ndoo moja," alisema. "Tufunge."

Hakujua kwamba ukimya nao unachosha. Alizoea vilio, makamasi na ugomvi wa kumgombania mwanasesere asiye na kichwa. Aliishi peke yake katika chumba cha nyuma, na sasa hata akikohoa, ukuta ndio ulimjibu.

"Mwalimu, siku hizi unafundisha kuku?" wapita njia walimtania alipokuwa akifagia uwanja usio na nyayo.

"Tena wanafaulu kuliko ninyi!"

Wakacheka, wakaenda zao. Kicheko nacho kikaenda nao.

Jesca alikuja siku ya tisa, jua halijapanda, kapu la vitunguu kichwani na mkono mmoja ukimwongoza mwenzake. Macho ya Jesca yalikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Mwalimu, sina pa kumwacha. Mama Dorkas aliyekuwa akinishikia ana wajukuu wanne nyumbani tangu mfunge. Jana nilimfungia ndani nikaenda kuuza. Sijui alipita wapi. Wamemkuta katikati ya lami, anamwita mama."

"Jesca, nimekatazwa kupokea mtu. Nikikutwa, kibali kinakwenda, na wale ishirini na watatu hawatakuwa na pa kurudi."

"Siku chache tu. Na watu wasijue, nakuomba. Watanicheka mpaka kaburini."

Theresia alitazama viatu vilivyovaliwa kinyume, cha kushoto kulia. Alijua kwamba kukataa ni haki yake, na pengine ni wajibu wake. Lakini kwa siku tisa hakuwa amesikia sauti nyingine ndani ya kituo. Akawa wa kwanza kusalimia, kisha akachuchumaa, akavibadilisha vile viatu.

Hakumwandika kwenye daftari. Kila asubuhi alimnawisha kwa sabuni kwenye ndoo yenye koki, viganja na kucha, mara mbili. Alimpa uji wa uwele uliopoa, mwepesi, maana meno yalikuwa machache. Alimpeleka chooni polepole, mmoja akishika ukuta na mwingine akishika mkono. Siku nyingine walichelewa, na kigodoro kikaanikwa uani. Baada ya uji walikaa kwenye mkeka, wakapanga vifuniko vya soda kwa rangi. Wakikosea, walianza upya. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Mchana Theresia alimwimbia wimbo wa kulalia. Siku moja ubeti wa mwisho ulimtoka kichwani. Mgeni wake akaumalizia kwa Kinyaturu, taratibu, macho yamefumbwa.

Kila alipoamka, aliuliza swali lile lile.

"Mama amefika?"

"Bado. Yuko njiani."

Basi alitulia, kama mtu aliyezoea kungoja. Theresia aligeukia dirishani. Yeye hakuwa na wa kumngoja, wala hakuna aliyekuwa akimngoja.

Alasiri ya siku ile ya kumi na mbili, mlango ulibishwa. Alikuwa Fredrick, bwana afya wa kata, buti zake nyeupe kwa vumbi la barabarani. Alikuwa kijana mpole, na hicho ndicho kilichomwogopesha Theresia.

"Mwalimu, nimeambiwa unapokea mtoto."

"Hapa hakuna mtoto, bwana afya."

"Kigodoro kinaanikwa kila siku. Watu wanaona." Akainua macho ukutani, midomo ikahesabu kimyakimya. "Msumari wa mwisho ni mpya, na hauna kikombe." Kikombe chenyewe kilikuwa kwenye mkeka, uji umebaki nusu.

Theresia alikiokota, akakificha nyuma yake.

"Wiki hii nimezika wawili. Mmoja wa miaka mitatu, mwingine wa minne. Niliwabeba kwa mikono hii." Sauti yake ilikwaruza. "Usinifanye nizike wa tatu kwa sababu ya huruma yako."

"Sikatai agizo lenu. Niliunyoosha mkono wangu mwenyewe. Lakini wale wasio na wa kubaki nao, bwana afya, mmewapangia wapi?"

Fredrick aliangalia karatasi aliyoishika, kana kwamba jibu lingeweza kuwa humo.

"Hilo halikuandikwa," alisema.

Nyuma ya pazia la chumba cha kulala, mtu alijigeuza, akaguna.

Theresia alisogea kuziba njia, lakini Fredrick alikwishampita, kalamu mkononi, uso umekaza kama wa mtu anayejilazimisha. Akalivuta pazia.

Karatasi ikashuka ubavuni. Akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu," sauti ilijibu kutoka kwenye kigodoro. "Mama amefika?"