Kichwa na Mabehewa Tisa

Kichwa cha treni kilikuwa kinazunguka mezani peke yake, hakivuti kitu. Kilipita stesheni ya mbao, kikapita daraja, kikarudi kilikotoka. Kaka mkubwa alikikodolea macho kutoka kitandani, mto mgongoni, miguu imevimba haingii hata kwenye ndara.

"Mdogo wetu amesemaje safari hii?" akauliza.

Dada yake alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Akaweka mkoba chini, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Kaka, acha tu."

"Sema."

"Amesema afadhali ayachome moto yale mabehewa kuliko wewe uyaone. Mimi nimetumwa tu. Mjumbe hauawi."

Kaka mtu akageukia ukutani. Miaka ishirini na miwili jibu lilikuwa lile lile, yalikuwa yakibadilika matusi tu.

Treni yenyewe ilikuwa ya baba yao. Mzee alikuwa fundi wa kushona viti vya treni ya kifahari, ile ya matajiri, yenye mapazia ya mahameli na taa juu ya kila meza, na hakuwahi kukalia kiti hata kimoja ikiwa safarini. Basi akaagiza mfano wake, kipande kwa kipande: kwanza kichwa, halafu behewa moja kila mwaka, miaka tisa. Kila behewa lilienea kiganjani. La chakula lilikuwa na vikombe vidogo kuliko punje ya mchele. Wavulana walipokezana swichi. Msichana alipewa brashi laini ya kufutia vumbi. "Wewe futa tu, mwanangu," mzee alimwambia, "usije ukaiunguza." Akafuta tangu ana miaka minane mpaka alipoanza kazi posta.

Alipokaribia kufa, mzee aligawa kwa hekima yake. Kichwa kwa mkubwa, mabehewa kwa mdogo, ili wakitaka treni itembee iwalazimu kukaa pamoja. Binti, mtoto wa katikati, aliambiwa yeye ataolewa na atakuwa na vya kwake. Hakuolewa. Brashi alibaki nayo.

Hekima ya mzee haikumaliza hata mwezi. Kila mmoja alitaka treni iunganishwe sebuleni kwake. Yakasemwa ya kusemwa, milango ikabamizwa, mdogo akahamia mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa basi. Namba yake ya simu akabadilisha, na mpya, dada alisema, ameapishwa asiitoe. Jamaa wenye akili zao walifuata methali: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Dada ndiye aliyebaki katikati, akibeba maneno huku na huku. Nani angefaa kuliko yeye? Miaka thelathini posta, na hakuna barua iliyowahi kupotea mikononi mwake. Hata kwenye mazishi ya mama, miaka kumi na mmoja iliyopita, ndugu wale walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi, dada katikati, wakatawanyika bila kupeana mkono.

Kaka aliwahi kununua mabehewa mengine. Akayarudisha wiki ile ile. Bluu yake haikuwa ile, na mstari wa dhahabu ulikuwa mnene mno. Mtu aliyekua na treni ile tangu utotoni huwezi kumdanganya kwa rangi.

"Jumatatu wananipasua," akasema, bado ameukabili ukuta. "Daktari hataki kuniahidi kitu."

"Najua, kaka."

"Kelele za hicho kichwa zimenichosha."

Dada akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Ngoja, utaunguza. Nizime mwenyewe." Akajiburuta mpaka ukingoni, pumzi zikimkatika, akazima. Kichwa kikasimama karibu na stesheni. Alikitazama muda mrefu. "Kifunge," akasema. "Na reli, na swichi, vyote. Mpelekee."

"Kaka?"

"Nimechoka kushindana. Mwambie treni ni yake nzima. Sitaki behewa mimi, namtaka yeye. Aje kabla ya Jumatatu, akae hapo ulipokaa wewe." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujisumbua kuyafuta. "Wewe ndiye uliyetushikilia, mdogo wangu. Bila wewe tungekuwa tumeshasahauliana zamani."

Dada alifunga kila kitu kwenye taulo, kipande kwa kipande, kwa mikono iliyozoea. Akampa kaka yake maji, akamwekea mto vizuri. Saa nne na nusu asubuhi alitoka na boksi mikononi. Basi la saa tano lilikuwa bado lipo kituoni, kondakta anaita abiria.

Akalipita, akaenda nyumbani kwake, akafunga mlango kwa ufunguo.

Kwenye chumba cha nyuma akaondoa shuka juu ya rafu. Mabehewa yote tisa yalikuwepo, hayana hata chembe ya vumbi. Mdogo wake alimkabidhi siku ile ya mazishi ya mama, jikoni, watu wakiwa wameanza kuondoka: "Dada, mpelekee kaka. Mwambie nimeshindwa mimi, anisamehe tu." Sasa dada akayapitishia brashi moja moja, taratibu. Akapanga reli mezani, akayaunganisha nyuma ya kichwa, la chakula la tatu, kama alivyopenda baba.

Simu ya kaka iliingia saa tisa, wakati ambao msafiri wa basi angekuwa ameshafika.

"Amepokea?"

"Amepokea."

"Anakuja?"

Akaweka kidole kwenye swichi.

"Mjumbe hauawi, kaka," akasema, akaibonyeza.