Alama Nyekundu ya Shokapu

Huku milimani mtu hupimwa na baiskeli yake. Kila Jumatatu unapita langoni kwa wakaguzi umeikalia, na shokapu ya mbele isipozama hadi kwenye alama nyekundu, unahesabiwa umekwisha. Gari jeupe linakupeleka Nyumba ya Utulivu, na kutoka huko hajarudi mtu.

Ndiyo maana Nakundwa, ambaye zamani hata pancha hakujua kuziba, sasa alikuwa fundi. Kila Jumamosi aliiegemeza baiskeli ya mumewe, Elinihaki, uani, akafuta vumbi kwenye sili, ule mpira wa shingoni mwa shokapu, akapaka grisi ili iteleze, kisha akabonyeza vali yake kwa ncha ya msumari na kutoa upepo kidogo. Kadiri Elinihaki alivyokonda, ndivyo upepo ulivyopungua.

Jumamosi hii alitoa karibu wote uliobaki. Akatundika koti la mumewe kwenye usukani, akageuka ili akamshike mkono, amlete apande. Nyuma yake shokapu ilipumua, ikazama taratibu kwa uzito wa koti tu, ikatulia palepale kwenye alama nyekundu.

Elinihaki alikuwa ameshafika mlangoni, na aliona.

"Nimezidisha kidogo tu, Baba Tumsifu," Nakundwa alisema haraka. "Nitaujaza tena."

"Ukiujaza, mimi sitaizamisha." Alilitazama koti kwa muda. "Iache hivyo hivyo. Jumatatu lipeleke hilo koti."

Nakundwa alisubiri acheke. Elinihaki aliinama, akavua viatu vyake, akavipanga vizuri chini ya pedali.