Chatu wa Limi

Mama Sayi, jirani, alidai chatu ambaye Limi hucheza naye ngoma amerogwa na kundi pinzani la ngoma, ndiyo maana anatetemeka na shingo imempinda. Lakini Limi mwenyewe ndiye aliyempaka dawa ya kupe ya ng'ombe, asijue kuwa ni sumu kwa nyoka, ili aue utitiri uliojaa kwenye magamba.

Akamweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akamwosha taratibu, akayamwaga maji, akaanza upya.

"Huyo wa kuzika, mwanangu. Ngoma ya mavuno utacheza na mkanda wa suruali?"

"Basi niazime wa mumeo, mama."

Mama Sayi akacheka, akaenda kuleta maji mengine.

Mtetemo ukapungua. Ulimi ukachomoza, ukaonja hewa.

Limi akainama. "Inua kichwa, baba. Kidogo tu."