Muswada Uliolala Kwetu

Siku hizi kila muswada, kabla haujawa sheria, hujaribiwa siku thelathini katika nyumba moja. Huu umeangukia kwetu: mwenye miaka sabini na kuendelea asipewe maji ya kuoga. Mama yangu, aliyepooza mpaka ulimi, ananuka. Mkojo wake naukinga kwa beseni chini ya kitanda.

Leo waheshimiwa wa kamati ya Bunge walikuja kukagua, wameziba pua kwa leso.

“Bibi, una pingamizi?” mwenyekiti aliuliza akiwa mlangoni.

Mama alimtumbulia macho tu.

“Hana. Wanaoafiki?”

“Ndiyooo!” wakaitikia ndani ya leso.

Wakahamia sebuleni kungojea pilau niliyoamriwa kuwapikia. Mwenyekiti akakunja mikono ya shati.

“Dada, tuletee maji ya kunawa.”

“Ndiyo, mheshimiwa,” nikasema, nikaenda kulivuta beseni la Mama.