Majuto ya Nungunungu

Enzi hizo wanyama walikuwa na mahakama, nayo haikuwa na tabia ya kujirudi. Kanga aliuawa, na kando ya maiti ukaokotwa mwiba wa Nungunungu. Mwiba ulitosha, Nungunungu akafungiwa pangoni.

Desturi yao ilikuwa hii: muuaji akikiri na kujuta, huachiliwa. Basi kila mvua zilipoanza, Hakimu Nyati alikuja mlangoni.

"Umejuta?"

"Nijutie nini, mzee? Miiba yangu huanguka kila ninapopita. Sikumuua Kanga."

"Bado una kiburi," Nyati alisema, akaenda zake.

Miaka ikapita. Miiba ya Nungunungu ikapukutika, na mkewe akaacha kuja kumtazama. Mvua nyingine zilipoanza, alikuwa amechoka hata kukasirika.

"Nilimuua mimi," alisema. "Najuta."

Nyati akaamuru afunguliwe.

Hakufika hata kwake. Jioni ileile askari walimfuata wakamrudisha mahakamani. Kicheche, akiwa mahututi, alikuwa ameungama kwamba yeye ndiye aliyemuua Kanga.

"Kumbe hukumuua," Nyati alisema.

Nungunungu alishusha pumzi. "Ndivyo nilivyosema miaka yote, mzee."

"Lakini asubuhi ulisema ulimuua. Umeidanganya mahakama. Rudi pangoni."

Uongo ule ndio kosa pekee alilowahi kutenda Nungunungu, na lilimuuma.

"Najuta, mzee," alisema, safari hii kwa moyo wake wote.

"Hata asubuhi ulisema hivyo hivyo," Nyati akajibu, na pango likafungwa.