Kikuku cha Mama

Kila mwanamke alivaa kikuku cha kinga mkononi, na hakikuvuliwa hata bafuni. Moyo ukimwenda mbio kwa hofu, taa yake huwaka nyekundu, na yeyote amgusaye hupigwa shoti akaanguka chini. Watoto walisamehewa shoti hiyo mpaka watimize miaka saba.

Asubuhi hiyo Sikudhani alitimiza saba. Mama yake, Stumai, alimwona akitoka chumbani mbio, mikono wazi, kama kawaida yake.

"Simama hapo hapo, mwanangu."

Mtoto akasimama, akakitazama kikuku. "Ni nyekundu, mama. Unaogopa nini?"

"Nakuogopea wewe."

"Basi usiogope."

Stumai akavuta pumzi kama walivyofundishwa kliniki, akahesabu mpaka ishirini. Kadiri alivyoitaka taa izime, ndivyo moyo ulivyozidi kumdunda.

Sikudhani akaingia ndani, akarudi na ile kanga kuukuu aliyobebewa mgongoni alipokuwa mchanga. Akamrushia mama ncha moja, akashika nyingine.

"Hivi shoti haifiki, eti?"

"Haifiki," alisema Stumai, naye hakuwa na hakika.

Mtoto akaanza kuiviringisha kanga mkononi, akimsogelea mama taratibu.