Koti la Mzee Bubu

Lori lilikuwa tayari linanguruma Sekela alipotokea mbio kwenye mvua ya Tukuyu, mtoto kifuani.

"Mama, tumejaa," alisema dereva, Bartholomeo, Mhehe wa Iringa. "Nyuma ni magunia ya kahawa. Mbele nipo mimi na huyu mzee, ndiyo kwanza amepanda."

"Mtoto anachemka, kaka! Nifikishe hospitali Mbeya. Mimi mke wa Anania, wa pale kanisani."

"Mkwe wa nani?"

Sekela akainamisha kichwa. Mke hatamki jina la baba mkwe, wala hamtazami usoni. Tangu aolewe, akimsikia tu alijifunika nguo kichwani na kukimbilia migombani. Sura yake hakuijua. Lakini sauti! Hata soko zima lipige kelele, masikio yake yangeichomoa. Ilikuwa nzito, ya kutetemesha vyungu, na kichwa chake kilishaitengenezea mwenyewe: jitu refu, kifua kama mlango.

Dereva akacheka. "Nyie Wanyakyusa, bwana! Juzi mmoja ameshuka njiani, porini kabisa, kisa kasikia mkwewe anakohoa huko nyuma."

"Hata mimi ningeshuka," Sekela akasema, wala hakutania.

Mzee wa kiti cha mbele, mfupi, mwembamba, kofia imemfunika macho, alikuwa amefumbua mdomo. Akaufumba. Akagusa koo lake, akatikisa kichwa.

"Kumbe bubu, masikini," dereva akasema.

Mzee akashuka, anatazama matope tu. Akavua koti, akaliacha kitini, akapanda juu ya magunia, mvua ikimpiga mgongoni.

"Ndaga, mzee!" Sekela akamshukuru.

Hakugeuka.

Mlimani baridi ilikuwa kali, lakini ndani ya koti mtoto alilala. Lori lilipokwama, mzee alisukuma pamoja na vijana wa njiani. Wote waliimba wakisukuma, yeye peke yake alifumba mdomo.

"Umewahi," daktari wa Mbeya akamwambia Sekela. "Ungechelewa hadi jioni, tungezungumza mengine."

Alipotoka kumtafuta mzee, lori lilishaondoka kwenda Iringa.

Juma lililofuata Sekela alirudi nyumbani, mtoto mgongoni akimvuta kilemba. Koti alilikausha, akalikunja, akaliweka chini kabisa ya sanduku. Angemrudishia nani, naye hakujua hata jina la mwenyewe?

Kesho yake alikuwa uani anamenya ndizi, mara akaisikia ile sauti nzito nyuma ya nyumba. Kisu kikamdondoka. Akajifunika kichwa, akakimbilia migombani, akachuchumaa.

Baba mkwe alikuwa akiongea na mkewe.

"Mwambie mama wa mtoto, lile koti asihangaike kulirudisha. Alikate, amshonee mjukuu wangu. Na mwambie koo limepona."